Swali Lisiloulizwa: Mgonjwa wa Mgongo Alilala Wapi?

Kila sikukuu za mwisho wa mwaka zinapokwisha, vituo vya afya hupokea wagonjwa wanaofanana sana. Wametoka safari. Wengine wamerudi Dar es Salaam kutoka Kagera, Kigoma au Mara, walikokwenda kusalimia wazee; wengine walikwenda Mbeya au Songea kwenye msiba. Huingia wamejishika kiuno, huketi kwa uangalifu ukingoni mwa kiti, na wakiulizwa wanaumwa nini hutoa jibu lilelile: mgongo umekatika.

Kinachofuata kinajulikana. Mgonjwa huandikiwa picha ya eksirei, huchomwa sindano ya diklofenaki, na huambiwa apumzike kitandani wiki mbili, ikiwezekana juu ya ubao. Huulizwa umri, kazi na idadi ya watoto. Haulizwi alilala wapi.

Mfano ni mwanamke wa miaka 58 anayetoka Dar es Salaam kwenda kumzika kaka yake mkoani Kagera. Huketi kwenye basi kwa zaidi ya kilomita 1,000, magoti yakigusa kiti cha mbele. Akishuka hubeba begi lake mwenyewe. Kwa siku nne hulala juu ya mkeka sebuleni pamoja na wafiwa wenzake, kwa kuwa ndivyo heshima ya msiba inavyotaka. Mchana huinama kupepeta mchele na kuosha masufuria. Siku ya kuondoka huinua mkungu wa ndizi na kuusukuma chini ya basi, kisha huketi tena kwa safari ileile. Picha ya eksirei ya mwanamke huyu itaonyesha pingili zilizochakaa kidogo, kama zinavyochakaa za watu wengi wa umri wake wasioumwa chochote. Ataondoka akiamini kwamba mifupa ya mgongo wake inasagika, na imani hiyo huenda ikamdhuru kuliko mkeka.

Mgongo wa binadamu hubadilika usiku. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna mito laini iitwayo diski. Mchana, uzito wa mwili huzikamua diski hizo maji. Usiku, mtu anapolala, huyanyonya tena na kuvimba. Ndiyo sababu mtu huamka asubuhi akiwa mrefu kuliko alivyolala, kwa takriban sentimita moja au zaidi. Diski iliyojaa maji ni ngumu kukunjika, na kano zinazoizunguka zimekazwa. Kwa hiyo kuinama ghafla saa ya kwanza baada ya kuamka huutwisha mgongo mzigo mkubwa kuliko kuinama vilevile adhuhuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba watu wenye maumivu ya muda mrefu waliojizuia kuinama asubuhi na mapema walipata nafuu.

Hilo hutokea hata kwenye kitanda cha nyumbani. Kitanda cha ugenini huongeza mambo mawili. La kwanza ni umbo lake. Godoro la sponji lililobonyea katikati humfanya mlalaji azame kiuno huku mabega na miguu vikibaki juu, na misuli midogo ya mgongo hukesha ikivuta kamba ambayo haikupaswa kuvutwa. La pili ni usingizi wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, upande mmoja wa ubongo haulali usingizi mzito kama mwingine. Hubaki ukisikiliza sauti, kama mlinzi wa zamu. Asiyelala vizuri huhisi maumivu zaidi kesho yake, hata kama mgongo wake haujapata dhara lolote jipya.

Dawa inayotajwa haraka ni ubao. Imani kwamba mgonjwa wa mgongo anapaswa kulala juu ya kitu kigumu ina nguvu mijini na vijijini, na watumishi wa afya wenyewe wameieneza. Ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2003 watafiti nchini Hispania waliwagawa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno katika makundi mawili: wengine walipewa magodoro magumu, wengine magodoro ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walikuwa na maumivu kidogo zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Ubao hauujazi mwinuko wa kiuno. Huacha nafasi tupu pale hasa panapohitaji kushikwa, na hubonyeza nyonga na mabega mpaka mtu ageukegeuke usiku kucha.

Wajuzi wa vitanda vya kamba walilifahamu jambo hili zamani. Kitanda kile ambacho kamba zake zikilegea mwenyewe hushuka na kuzivuta upya kilipewa jina la teremka tukaze, na jina hilo ni maelekezo kamili ya matengenezo. Msafiri wa leo anayelipia chumba cha gesti hana budi kufanya vivyo hivyo kabla ya kuvua viatu. Na ainue godoro atazame chaga: mara nyingi moja imevunjika au imesogea, na kuisogeza mahali pake huchukua dakika moja. Na aligeuze godoro, juu chini au mchagoni kwenda miguuni, kwa kuwa bonde la katikati huchimbwa upande uliozoea kulaliwa. Bonde likiwa halitibiki, godoro lilazwe sakafuni penye usafi, neti ikiwa bado imefunika. Blanketi lililokunjwa mara mbili na kuwekwa chini ya shuka, usawa wa kiuno, hujaza pengo ambalo mwenye gesti hatalijaza kamwe.

Kwa anayelala mkekani kazi ni kinyume chake, yaani kulainisha. Mikeka miwili ni bora kuliko mmoja, na blanketi juu yake ni bora zaidi. Alalaye ubavu aweke mto au kanga iliyokunjwa kati ya magoti, ili mguu wa juu usiuvute mgongo kuupinda; alalaye chali aweke kitu chini ya magoti. Kulala kifudifudi huipinda shingo na kukibonyeza kiuno, hivyo asiye na mazoea nako asikuanzie ugenini. Na pale ndugu watatu wanapogawana kitanda kimoja, kulala mzungu wa nne kuna faida yake: mabega hupata nafasi, na kila mmoja huweza kugeuka. Kugeuka usiku ni jambo jema. Mgongo hauchoshwi na mlalo mbaya tu, huchoshwa pia na mlalo mmoja.

Ugumu mkubwa hauko kwenye godoro, uko kwenye adabu. Mgeni hawezi kumwambia mwenyeji aliyempisha chumba chake kwamba kitanda kina bonde. Mzee hawezi kuomba godoro msibani wakati mjane mwenyewe yuko chini. Hapo ndipo sauti ya mtumishi wa afya ina uzito. Akimwambia mgonjwa mbele ya binti yake kwamba mgongo wake hautakiwi kulala juu ya sakafu tupu, amempa ruhusa ambayo mgonjwa hakuweza kujipa, na binti atalisema neno hilo ugenini kwa niaba ya mama yake. Godoro jembamba lililotandikwa katikati ya mikeka halimtoi mtu katika msiba.

Asubuhi, msafiri asikurupuke. Ajigeuze ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono mpaka aketi, kisha asimame na kutembea kidogo kabla ya kuinamia ndoo, sanduku au mtoto. Siku ya safari, kanga iliyoviringishwa nyuma ya kiuno huusaidia mgongo katika kiti cha basi, na kila kituo cha chakula kitumike kusimama na kutembea. Mzigo usubiri. Mtu aliyekaa saa 6 mfululizo akiinua mkungu wa ndizi papo hapo hutenda kosa lilelile la yule aliyeinama pindi tu alipoamka, na kitanda ndicho kitakacholaumiwa.

Maumivu yakishaingia, ushauri wa kulala wiki mbili ni wa kuachwa. Mwaka 1995, mjini Helsinki, Finland, wafanyakazi 186 wa manispaa wenye maumivu makali ya kiuno walifuatiliwa: baadhi walilazwa kitandani siku mbili, baadhi walipewa mazoezi ya mgongo, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri maumivu yalivyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa mwisho. Mgongo ulioumizwa na kitanda hauponywi kwa kitanda. Hutibiwa kwa matembezi mafupi ya mara kwa mara, kwa joto la kitambaa au chupa ya maji ya moto iliyofunikwa isije ikaunguza, na kwa kurejea kazini hatua kwa hatua. Mara nyingi maumivu ya namna hii hulegea ndani ya siku au wiki chache.

Kuhusu dawa, unyofu unahitajika. Utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014, uliohusisha zaidi ya watu 1,600, ulionyesha kwamba parasetamoli haiharakishi kupona kwa maumivu mapya ya kiuno. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu kwa kiasi, lakini zinaweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kuzidisha shinikizo la damu. Mzee mwenye shinikizo anayezinunua mwenyewe duka la dawa baada ya kila safari yumo hatarini bila kujua. Sindano haina ubora wa kuuzidi ule wa kidonge kwa mtu awezaye kumeza, na ikichomwa vibaya kwenye tako huweza kuujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Wagonjwa huipenda sindano. Hiyo si sababu ya kuitoa.

Hata hivyo, swali la alikolala lisiufunge mlango wa maswali mengine. Hatari iko pande zote mbili: kuna anayepigwa picha bure kwa sababu ya mkeka, na kuna anayeambiwa ni mkeka ilhali ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi ambayo yanaweza kuja bila kikohozi. Maumivu ya kitanda huwa na tabia yake: huanza baada ya kulala ugenini, hubana asubuhi, hulegea mtu anapotembea, na hupungua arudipo nyumbani. Maumivu yaliyokuwepo kabla ya safari, yanayoongezeka wiki baada ya wiki, yasiyotulia mtu alalapo wala aketipo, au yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, yanadai uchunguzi kamili. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuugua saratani, hususani ya titi au tezi dume, na kwa aliyeanguka. Na asiyeweza kukojoa au kuzuia mkojo, mwenye ganzi katikati ya mapaja, au ambaye miguu yake inaishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwake saa zina thamani.

Kuyapata yote hayo kunahitaji mazungumzo ya dakika tatu: alisafiri vipi, alilala juu ya nini, yalianza lini, yanapungua wakati gani, na kuna nini kingine. Dakika tatu ni nyingi katika chumba chenye foleni ya watu 60. Lakini picha isiyohitajika nayo ina foleni yake, na hulipiwa na mgonjwa.

Lipo kundi moja ambalo halihitaji hata kuulizwa, kwa kuwa watumishi wa afya hulivuka kila alfajiri wakielekea wodini. Ni ndugu wa wagonjwa waliosafiri pamoja nao kutoka mikoa ya mbali, wanaolala chini ya vitanda, kwenye korido na barazani, juu ya boksi lililokunjuliwa na kanga moja. Hospitali nayo ni ugenini, na hawa huwa wageni wake kwa majuma. Saa 11 alfajiri huamshwa ili sakafu ipigwe deki, na palepale huanza kuwainua, kuwageuza na kuwaogesha wagonjwa wao, wakiinama juu ya vitanda vifupi, wakati diski zao zimejaa maji na kano zimekaza. Mwezi mmoja baadaye baadhi yao hurudi hospitali hiyohiyo wakiwa na kadi zao wenyewe. Kuwajengea mahali pa kulala kutachukua fedha na miaka. Kuchelewesha kuogesha kwa saa moja, kuwaruhusu watembee kwanza, kuwaonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka badala ya kumnyanyua kwa kiuno, na kuhakikisha wanamgeuza wakiwa wawili, kunaweza kuamuliwa na muuguzi wa zamu ya kesho asubuhi.