Chupa ya Nzi

Wapo wasemao kuwa kufuga nzi wa matunda maabarani ni upuuzi. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu nilisema hivyo hivyo, nikamwamuru mkufunzi mmoja azitupe chupa zake. Nilikosa.

Mwaka 1971 huko Kanada, David Suzuki na wenzake walieleza habari za nzi waliopooza joto lilipofika nyuzi 29, wakainuka tena lilipopungua. Jeni yao iitwayo para hutengeneza vijilango vya sodiamu katika mishipa ya fahamu; ina hitilafu, na kwenye joto ishara hukatika.

Mbu naye anayo jeni hiyo. Dawa ya jamii ya pareto katika chandarua huvishikilia vijilango hivyo wazi. Jeni ikibadilika, dawa haishiki, mbu huishi, mtoto huugua.

Enyi walimu, irudisheni chupa darasani.