Albamu si kipimo cha mwimbaji wa kijijini

Ninaandika makala haya ili kulipa deni. Deni lenyewe si la fedha bali ni la alama, na anayenidai ni kijana niliyemfunza Kiswahili katika shule moja ya upili huko Migori mnamo mwaka 1996, wakati Migori ingali wilaya changa.

Siku hiyo niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha yenye mada hii: Albamu ya kwanza ya mwimbaji nimpendaye. Nakiri kwamba mada hiyo ilitokana na mapenzi yangu mwenyewe. Nilikuwa, na ningali, mpenzi wa muziki wa kantri kutoka Marekani. Mimi ni mmoja wa Wakenya wengi waliolelewa na redio, sauti ya Jim Reeves ikisikika sebuleni kila Krismasi, na Kenny Rogers na Dolly Parton wakitusindikiza safarini ndani ya matatu. Darasani nilizisifu albamu za waimbaji hao mpaka wanafunzi wakaamini kuwa mtu hawi mwimbaji mpaka aingie studio, atoe nyimbo kumi au kumi na mbili kwa pamoja, na picha yake ipigwe chapa kwenye jalada.

Takriban darasa zima liliandika nilivyotaka. Kijana mmoja tu ndiye aliyeandika habari za mjomba wake, mkulima wa miwa wa upande wa Awendo, aliyepiga gita la benga katika harusi na matanga. Mjomba huyo aliuza ndama apate nauli ya Nairobi, akaingia studio mara moja tu maishani, akatoka na santuri moja ndogo. Ilikuwa na wimbo mmoja uliokatwa katikati, nusu yake upande wa kwanza na nusu ya pili upande wa nyuma. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: "Umepotoka. Hii si albamu." Nikamtuza alama 3 kati ya 20.

Miaka mingi ikapita. Mwaka jana nilikwenda Homa Bay kuhudhuria warsha ya walimu, na wakati wa chai mwalimu mmoja akanijia, akanisalimu kwa heshima na kujitambulisha. Alikuwa ndiye yule kijana, naye sasa anafunza Kiswahili. Mfukoni hakuwa na kinyongo, ila mkobani alikuwa na ile santuri, imefungwa kwa karatasi ya kalenda kuukuu. Jina la mjomba wake lilisomeka kwa shida, lakini mwaka haukuonekana kabisa. Upande wa pili ulikuwa umekwaruzika kiasi kwamba hakuna mashine inayoweza kuusoma. Mjomba alikwisha kufariki, na nyumbani hakuna akumbukaye maneno ya nusu ile ya pili.

Nilipomwomba radhi kwa zile alama tatu, alitabasamu akasema, "Mwalimu, alama si kitu. Ila katika insha ile nilikuwa nimeyaandika maneno yote ya wimbo, na kwa aibu niliichana siku hiyo hiyo."

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimejiuliza: kipimo kile nilikitoa wapi? Nani aliyeniambia kwamba albamu ndiyo cheti cha kuzaliwa cha mwimbaji?

Tuanze na huo muziki wa kantri wenyewe. Mtu anayetajwa kuwa baba wa muziki huo ni Jimmie Rodgers. Yeye pamoja na familia ya Carter walirekodiwa katika mji wa Bristol, jimbo la Tennessee, mwaka 1927. Rodgers aliugua kifua kikuu, akafariki Mei 1933 jijini New York, siku mbili tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho, huku akijilaza kitandani kati ya wimbo mmoja na mwingine. Sasa basi, santuri kubwa ya muda mrefu, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika na kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande, ililetwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948. Rodgers alikuwa kaburini miaka 15. Kwa maneno mengine, huyo baba wa kantri hakupata kutoa albamu ya aina hiyo hata moja maishani mwake. Lau angekuwa mwanafunzi wangu, naye ningemwandikia kwa wino mwekundu kwamba amepotoka.

Waimbaji wetu wa benga walikuwa katika hali iyo hiyo. Benga ilikua katika miaka ya sitini, vidole vya wapigaji vikihamisha milio ya nyatiti, ala yenye nyuzi nane, kwenda kwenye gita. Kipimo chake kilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1949. Santuri hiyo haikubeba zaidi ya dakika chache kila upande. Ndiyo maana wimbo uligawanywa: kwanza maneno, kisha msikilizaji akageuza santuri, magita yakachukua nafasi na watu wakacheza. Kukatwa huko hakukuwa kasoro ya mtunzi, kwani watunzi walijifunza kutunga ndani ya mipaka hiyo kama vile mshairi anavyotunga ndani ya mizani na vina. Nani kati yetu walimu anayemlaumu mshairi kwa kuwa ubeti wake una mishororo minne tu?

Wala santuri hizo ndogo hazikuwa na nguvu ndogo. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, mwenyeji wa sehemu za Awendo ambaye baadaye aliingia Bungeni, alizisambaza hadi Zimbabwe, na huko watu wakauita muziki wenyewe kwa jina lake, Kanindo. Lebo yake mojawapo iliitwa Sungura, na hadi leo Wazimbabwe wana mtindo mkubwa wa muziki unaoitwa sungura. Neno la Kiswahili lilibandikwa kwenye kipande cha plastiki kinachotoshea kiganjani, likavuka mipaka na kuwa jina la muziki wa taifa jingine! Je, wanafunzi wangapi wa Migori na Homa Bay wanayajua haya?

Chukua mfano wa Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz. Alizaliwa Shirati nchini Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Muhuru Bay, na alianza kurekodi katikati ya miaka ya sitini. Aliimba kwa mafumbo, akiwasemesha wanyama kama wafanyavyo watambaji wa ngano, na mafumbo hayo yalimwingiza matatani na wakuu wa serikali zaidi ya mara moja. Albamu yake iliyoitwa Benga Beat ilitolewa London mwaka 1987, miaka takriban 20 tangu aanze kazi. Ikiwa tutashikilia kwamba mwimbaji huzaliwa siku ya albamu, basi tutasema Misiani alizaliwa London akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Huo ni mzaha, lakini ndio mzaha nilioufanya darasani.

Simaanishi kwamba albamu haina thamani. Mgala muue na haki yake mpe. Albamu humpa mwimbaji nafasi ya kupanga mawazo yake, na vijana wetu wanaotoa albamu siku hizi wanastahili pongezi. Aidha, sisemi kwamba mwanafunzi aandike apendavyo bila kujali mada. Mtihani una kanuni zake, na mwalimu asiyezifunza anawadhulumu wanafunzi wake. Lakini mada ile niliitunga mimi mwenyewe, na niliitunga kwa namna iliyowafungia mlango wazee wote wa vijiji walimotoka wanafunzi wangu. Aliyepotoka alikuwa mtunga swali.

Linalonisumbua zaidi ni hili: kwa nini tunazijua nyimbo za Rodgers hadi leo, ilhali hakutoa albamu, na wimbo wa yule mkulima wa Awendo umepotea nusu? Jibu ni kwamba za Rodgers ziliwekewa kumbukumbu. Kuna mtu aliyeandika jina, mahali na tarehe, akahifadhi nakala. Na jambo hilo linaweza kufanyika hata kwetu. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika eneo la Kericho, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kumhusu kiumbe aliyeitwa Chemirocha. Chemirocha huyo si mwingine ila Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa gramafoni, na jina lake likatamkwa Kikalenjin. Mmarekani akageuzwa kuwa kiumbe wa hadithi, nusu mtu na nusu mnyama! Rekodi hiyo ingali inasikika kwa sababu imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 nchini Afrika Kusini. Wasichana wale hawakuwa na albamu, ila walikuwa na mtu aliyeandika.

Sasa nawageukia walimu wenzangu wa Kiswahili. Fasihi simulizi imo katika karatasi ya tatu ya KCSE. Tunawakaririsha wanafunzi hatua za utafiti nyanjani: kuandaa maswali, kuchagua wasailiwa, kurekodi, kuhifadhi. Wanazitaja hatua hizo kama kasuku, wakapata alama, na hawajawahi hata siku moja kuvuka lango la shule kwenda kumsikiliza mzee mwenye orutu. Nyanja zenyewe ziko wapi kama si Awendo, Kendu Bay, Mbita na Kehancha? Kuna nyimbo za Kijaluo, za Kikuria kwa litungu, na za Kisuba katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, ambako lugha yenyewe inasemwa na watu wachache mno.

Pendekezo langu halihitaji bajeti ya wizara. Kila mwanafunzi, wakati wa likizo, alete wimbo mmoja wa mtu mzima wa kwao, kwa idhini ya mwenyewe. Aandike jina la mwimbaji, kijiji, mwaka kama unajulikana, ala, na maneno yote katika lugha ya wimbo. Kisha afasiri maana kwa Kiswahili sanifu na kueleza tamathali zilizotumika. Simu inayorekodi sauti imo karibu katika kila nyumba. Mwalimu ahifadhi daftari hizo maktabani, wala asizirudishe zikafungiwe maandazi. Mtaala mpya wa umilisi umeiweka sanaa na michezo kuwa mkondo kamili katika shule ya upili, kwa hiyo hatuwezi tena kusingizia kwamba muziki hauna nafasi darasani.

Nanyi wanafunzi, msione haya. Mkimpenda mwimbaji wa Nashville, mpendeni; hata mimi ningali nampenda. Lakini mkiulizwa juu ya albamu ya kwanza, kumbukeni kwamba huenda nyumbani kwenu, chini ya kitanda au juu ya kabati, kuna santuri moja iliyofungwa kwa karatasi ya kalenda, na huenda mwenye wimbo yu hai na bado anayakumbuka maneno ya upande wa pili. Nendeni mkamuulize leo. Kijana wangu aliyaandika akiwa na miaka 17, na mwalimu wake akamfanya ayachane.

Siku ile Homa Bay tulikaa chini ya mti, yeye akijaribu kuimba nusu ya kwanza ya wimbo wa mjomba wake, nami nikiandika. Tulipofika mwisho wa upande wa kwanza, alinyamaza. Niliacha ukurasa unaofuata mtupu, iwapo atatokea mtu wa Awendo anayeukumbuka. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuzo la kwanza, nadhani, ni kuandikwa jina.