Eti breki kubwa zitasimamisha lori nusu ya umbali?

Leo kompyuta nimeiweka kando kidogo. Nina hasira, na hasira hiyo inahusu lori.

Mjomba wangu ana lori la magurudumu kumi. Hubeba saruji kutoka Athi River hadi Nakuru, na hushukia ule mteremko wa Mai Mahiu. Juzi akanipigia: "Mpwa wangu, wewe umesoma. Kuna mtu ananiuzia breki za diski, niondoe ngoma. Anasema lori litasimama nusu ya umbali. Nichukue mkopo?"

Nusu! Huyo muuzaji amepima nini hasa?

Breki hazisimamishi lori. Breki husimamisha gurudumu, halafu tairi ndiyo hushikana na lami. Kama breki za zamani tayari zina nguvu ya kulifunga gurudumu kabisa, diski kubwa kuliko sufuria ya harusi haitakuongezea chochote katika kusimama mara moja. Tuseme mshiko wa tairi na lami ni 0.6. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa, breki zikishika tu, unahitaji mita 42 hivi. Mvua ikinyesha na mshiko ukishuka hadi 0.4, ni mita 63. Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika bei ya diski.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Programu inakwenda polepole, bosi ananunua kumbukumbu zaidi, kumbe tatizo ni swali moja bovu kwenye hifadhidata.

Lakini ngoja, maana kuna wajuaji wa upande wa pili wanaosema "ni tairi tu, breki ni mapambo." Nao wanakosea. Lori likiwa na mzigo, mara nyingi breki ndizo hushindwa kabla ya tairi. Mwaka 2009 Marekani ilibadilisha kanuni zake: vichwa vingi vya trela, vikiwa na mzigo, vilitakiwa kusimama kutoka maili 60 kwa saa (kama kilomita 97) ndani ya futi 250 badala ya 355. Yaani mita 76 badala ya 108. Watengenezaji walifika hapo kwa kuweka breki zenye nguvu zaidi, wengine diski, wengine ngoma kubwa tu. Kwa hiyo breki bora husaidia, ila hata hapo hatukufika nusu.

Halafu kuna joto, na hapa diski nazipa haki yake. Lori la tani 26 likisimama kutoka kilomita 80, breki humeza nishati ya kama megajuli 6.4. Lishushe mita 300 za mlima kwa breki peke yake: megajuli 76! Mara kumi na mbili. Ngoma ikipata moto hupanuka na kuvikimbia viatu vyake, dereva anakanyaga na lori haliitikii. Diski hupoa haraka na haina tabia hiyo. Lakini gia ndogo nayo huifanya injini ibebe sehemu kubwa ya kazi hiyo, na gia ndogo haina mkopo. Wale wanaoteremka Salgaa na gia huru ili kuokoa dizeli wanajua wanachookoa?

Jumamosi nikaenda na fundi kuliangalia hilo lori. Breki ziko sita, moja kila upande wa kila ekseli. Mbili za nyuma zilikuwa zimelegea: fimbo inayosukumwa na upepo inatoka mbali mno, viatu havifiki kwenye ngoma kwa nguvu. Yaani mjomba anashuka Mai Mahiu na breki nne, na bado anauziwa diski! Tairi mbili za mbele nazo karibu vipara.

Nikamwambia: mjomba, rekebisha hizo mbili leo, nunua tairi, shuka na gia ndogo. Ukibaki na pesa, tuzungumze diski, na huyo muuzaji alete vipimo vya lori kama lako, likiwa na mzigo, tairi zilezile, kabla na baada.

Mjomba akanyamaza kidogo. Akasema, "Lakini yule kijana alinionyesha video."

Video! Lori kwenye video halikuwa na hata mfuko mmoja wa saruji. Breki mbili tumezikaza, tairi bado. Jumatano anapakia.