Ushauri wa Afya Uanze Kabla ya Nyumba Kuezekwa

Mgonjwa wa malaria afikapo zahanati huulizwa homa ilianza lini, na pengine kama hulala ndani ya chandarua. Ni nadra kuulizwa nyumba anamolala imejengwaje. Kwa maoni yangu, swali hilo halipaswi kukosekana.

Mbu wa anofelesi huuma zaidi usiku, na njia yake kuu ya kuingia ndani ni mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Utafiti uliofanyika nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 katika nyumba zisizo na kinga, lakini asilimia 12 katika nyumba zilizozibwa mianya na kuwekewa wavu milangoni na madirishani. Nyumba zilizowekewa dari ya wavu peke yake zilipata matokeo yayo hayo.

Huku Marui, kama kwingineko wilayani Kisarawe, udongo na makuti vinapisha tofali za saruji na bati. Ni hatua njema, ila ina mtego wake. Nyumba ya bati iliyozibwa mianya na kupewa madirisha madogo hugeuka tanuri. Wenyeji hukaa barazani hadi usiku mwingi, na waingiapo kulala hukikwepa chandarua kwa sababu ya joto. Mbu aliyezuiwa kuingia huwakuta nje. Tena, mwanya huohuo ndio unaotoa moshi wa kuni; anayeuziba huku akipikia ndani amebadili ugonjwa kwa ugonjwa.

Kwa hiyo kuzuia mbu na kupitisha hewa ni kazi moja. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha upepo, baadhi zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa zilikuwa na mbu wachache na ubaridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za kijiji hicho.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wenye uwezo. Sikubaliani nao. Kuyaelekeza madirisha mawili yatazamane, ili upepo uingie huku na kutokea kule, hakuhitaji fedha bali uamuzi wa mapema. Wavu wa dari ni nafuu kuliko jipsamu. Jiko la nje ni desturi yetu tangu zamani.

Kinachokosekana ni mshauri kwa wakati ufaao. Wengi wetu hujenga kidogokidogo kwa akiba ya miaka. Ukuta ukishapita lenta na kenchi zikishapandishwa, kusahihisha ni gharama. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupita kila siku kando ya misingi na kuta ambazo hazijaezekwa. Asimame hapo, azungumze na mwenye nyumba pamoja na fundi wake. Nawe mgonjwa unayekusudia kujenga, uliza zahanati kabla hujanunua bati.