Nakala iliyochomolewa

Ukitaja ulinzi wa kompyuta mpakato, wengi wetu tunafikiria kwanza kizuia virusi. Ndicho tunachomuulizia fundi, ndicho tunachokubali kukilipia, na alama yake ikishaonekana pale chini pembeni mwa skrini, roho inatulia. Nadhani tumeanzia pasipo. Kizuia virusi kina kazi yake, na nitairudia, lakini hakiamui kama baada ya janga utabaki na tasnifu yako, daftari la hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) au picha za harusi. Kinachoamua ni kama vitu hivyo vina nakala ambayo, saa ile janga linapotokea, haikuwa imeunganishwa na kompyuta yenyewe.

Sijui ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili kuliko yale yaliyoipata Maersk, kampuni ya Denmark ambayo makontena yake yanajulikana hata bandarini Mombasa. Juni 27, 2017, programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilisambaa kutoka Ukraine kwa kujificha ndani ya masasisho ya programu ya uhasibu iliyotumika sana nchini humo. Ndani ya saa chache ilizimisha kompyuta za Maersk duniani kote. Kampuni hiyo haikuwa na uhaba wa nakala. Seva zilizohifadhi ramani nzima ya mtandao wake, nani ni nani na nani anaruhusiwa kuingia wapi, zilikuwa takribani 150, na kila moja ilibeba yale yaliyomo kwa wenzake. Lakini zote zilikuwa zinazungumza muda wote, kwa hiyo zilifutika pamoja. Ilinusurika moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa nje ya mtandao shambulio lilipopita. Diski yake ilisafirishwa kwa mkono, ikapokezanwa uwanja wa ndege nchini Nigeria, ikafikishwa Uingereza, na juu yake ujenzi mpya ukaanza. Mwenyekiti wa bodi, Jim Hagemann Snabe, alieleza mwaka uliofuata kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kampuni yenye wataalamu na fedha kiasi hicho iliokolewa na kukatika kwa umeme. Nakala mia moja na hamsini zilizounganishwa zilikuwa, kwa hesabu ya siku ile, nakala moja.

Najua jibu linalokuja haraka: hayo ni ya makampuni makubwa, nani ahangaike na laptopu ya mwanafunzi wa Dodoma au mwalimu wa Kisumu? Hakuna anayehangaika naye, na hapo ndipo tunapokosea. Programu haribifu hazichagui mtu. Familia ya programu za kikombozi, zinazofunga mafaili na kudai fedha ili kuyafungua, inayojulikana kama STOP, au Djvu, iliyoanza kuonekana kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, imewalenga zaidi watu binafsi, na njia yake kuu imekuwa programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Mtu anatafuta Windows au Photoshop ya bure, anakuta maelekezo yanayomwambia azime kwanza kizuia virusi, anazima, anafungua faili, na baada ya muda kila hati imeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina na haifunguki. Pembeni kuna barua ya madai; kwa muda mrefu kiasi kilikuwa dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure zana ya kufungua mafaili yaliyofungwa na matoleo mengi ya mwanzo. Kwa yaliyofuata, wengi hawakupata msaada wowote. Sasa fikiria ni mara ngapi laptopu zetu zinapelekwa kwa fundi kupigwa Windows, naye anaanza kwa kuzima kizuia virusi ili kraki ikubali. Kinga tuliyoitegemea tunaizima wenyewe, tena mlangoni.

Hali hii imekuwa ngumu zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Mwenye kompyuta aliweza kujiandikisha kuongezewa mwaka mmoja, basi. Laptopu nyingi zilizokwishatumika zinazouzwa kwetu zina vichakataji vya zamani ambavyo Windows 11 haivikubali rasmi. Na masasisho si jambo la kupuuza: virusi vya WannaCry, vilivyoshambulia Mei 12, 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza, vilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Aliyesasisha alipona. Kwa hiyo sasisha kila kinachosasishika, na usizime kizuia virusi ambacho Windows inakuja nacho. Ila mwenye mashine isiyosasishwa tena hawezi kujenga usalama wake juu ya masasisho.

Kuna wanaosema wingu limemaliza kazi hii. Wingu linasaidia, hasa dhidi ya wizi na moto, kwa kuwa nakala iko mbali na nyumba. Lakini kabrasha linalojisawazisha lenyewe lina udhaifu uleule wa seva za Maersk: faili likifungwa kwenye laptopu, lililofungwa ndilo linalopanda juu. Huduma nyingi zinatunza matoleo ya zamani kwa muda fulani, na ni vizuri kujua namna ya kuyarudisha kabla hujayahitaji. Kuna pia suala la bando, na gigabaiti 15 za bure za Google zinagawanywa na barua pepe na picha.

Pingamizi la gharama nalichukulia kwa uzito, maana diski ya nje si bei ya chai. Lakini tutenganishe mafaili. Filamu na muziki vinapatikana tena. Visivyopatikana tena ni vichache na vyepesi: tasnifu ya kurasa mia mbili isiyo na picha nyingi ni megabaiti chache tu, na flashi ya gigabaiti 32 inabeba maelfu ya hati kama hizo. Nunua mbili, uzitumie kwa zamu, kwa sababu dakika unapochomeka flashi ili kunakili ndiyo dakika ambayo nayo inaweza kudhurika, na wakati huo mwenzake iwe kabatini. Usiandike juu ya nakala ya zamani. Fungua kabrasha jipya lenye tarehe, ili mafaili yaliyoharibika bila wewe kujua yasifute mazima. Na flashi hizo zisiwe zile zinazokwenda steshenari kuchapisha. Huko ndiko zinakookota virusi vinavyoficha mafaili na kuweka njia za mkato mahali pake. Inasikitisha kwamba mara nyingi mafaili hayo bado yamo, yamefichwa tu, na mwenyewe anayapoteza kwa kufomati.

Nakala haizuii kila kitu. Haimzuii mwizi wa nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, ndiyo maana uthibitisho wa hatua mbili unahitajika kwenye barua pepe. Tena nakala isiyowahi kufunguliwa si ya kutegemea. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, alifuta hifadhidata kwa makosa. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala ya saa sita kabla, iliyochukuliwa kwa sababu nyingine.

Ombi langu kwa vyuo ni kwamba msimamizi wa tasnifu, anapopokea sura mpya, aulize pia nakala iko wapi. Kwa vikundi vya VICOBA, katiba itamke kwamba hesabu zilizo kwenye laptopu ya mhazini zinakiliwe kila kikao na flashi ikae kwa mjumbe mwingine. Nawe msomaji, leo usiku nakili yale usiyoweza kuyapata tena, fungua mafaili matatu kutoka kwenye flashi uone kama yanasomeka, kisha ichomoe.