Apimwe Kwanza, Ndipo Aache Mkate

Thika na Ruiru imezuka tabia ya ajabu: mtu akisokotwa na tumbo, huapa kutoonja chapati tena, na miezi ikipita ndipo aende kupimwa. Huo ni upuuzi! Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa huziunda anapokula gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano unate. Aliyekwisha kuacha ngano huweza kuambiwa hana ugonjwa, kumbe anao, na mtoto wake aliyedumaa kwa ugonjwa uo huo asifikiriwe kamwe.

Ugonjwa wenyewe si mzaha. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi, aliyekuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930, aliona katika njaa ya 1944–1945 kwamba mkate ulipoadimika watoto wagonjwa walipata nafuu; uliporejea, wakaugua tena.

Na aliyethibitishiwa, kwa nini afilisike kwa unga wa ng'ambo? Nduma, viazi vitamu, muhogo, mahindi na wimbi vimejaa sokoni, navyo havina gluteni. Ila aulize mashine ya kusagia ilisaga nini kabla ya wimbi lake.