Tafsiri za Biblia si Mali ya Kanisa Pekee

Kila ninapotaja tafsiri za Biblia katika mihadhara ya isimu, hapakosi mwanafunzi wa kuuliza kama hayo hayawahusu zaidi wenzake wa teolojia. Na hapakosi mwingine wa kuongeza kwamba, maadamu Wakenya wengi wanakielewa Kiswahili, kuitafsiri Biblia hiyo hiyo kwa Kilogooli, Kigikuyu au Kijaluo ni kupoteza fedha na wakati. Hoja hizi mbili zina mvuto, lakini haziwezi kusimama mbele ya historia ya lugha zetu.

Tuuchukue mwaka wa 1929, wakati makanisa ya kimishenari yalipopiga vita tohara ya wasichana katika nchi ya Wagikuyu. Agano Jipya la Kigikuyu lilikuwa limetoka mwaka wa 1926, na ndani yake Mariamu, mama wa Yesu, aliitwa mũirĩtu. Kwa desturi za wakati huo, mũirĩtu ni msichana aliyekwisha kutahiriwa. Asiyetahiriwa alikuwa na jina lake jingine, tena la dharau. Basi wapinzani wa wamishenari wakauliza: ikiwa mama wa Bwana alikuwa mũirĩtu, ninyi mnatukataza kwa andiko lipi? Sisemi kwamba hoja hiyo ilihalalisha tohara ile. Mimi naipinga kabisa. Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa andiko lilikuwa katika lugha yao, watu waliweza kubishana na mwalimu wao juu ya maana ya neno, na katika ubishi huo wao ndio waliokuwa mabingwa, si yeye. Kwa Kiingereza wasingepata nafasi hiyo.

Si ajabu, basi, kwamba David Barrett, aliyechunguza makanisa huru ya Afrika katika kitabu chake cha mwaka wa 1968, aliiona tafsiri ya maandiko katika lugha za wenyeji kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya makanisa hayo. Marehemu Lamin Sanneh, Mwafrika mwenzetu kutoka Gambia, aliiendeleza fikra hiyo mwaka wa 1989: mmishenari aliyetafsiri, apende asipende, alikabidhi mamlaka kwa wenye lugha.

Wakati mwingine watafsiri waliogopa kukabidhi. Kwa Roho Mtakatifu, Wagikuyu walipewa Roho Mũtheru na Wajaluo Roho Maler. Neno roho si la Kigikuyu wala la Kijaluo. Asili yake ni Kiarabu, na limepitia Kiswahili. Maneno ya kienyeji yalikuwapo, ila yalinukia mizimu. Hata hivyo Wajaluo walilichukua neno hilo geni wakalifanya lao, hadi wafuasi wa Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa mwaka wa 1934, wakajulikana kwa jina la Dini ya Roho.

Ni lazima pia tukiri hasara. Tafsiri huinua lahaja moja na kuizika nyingine. Biblia kamili ya Kiswahili cha Unguja, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere, ilitoka mwaka wa 1891. Ya Kimvita ikatoka mwaka wa 1914. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ikafuata Biblia ya pamoja ya mwaka wa 1952, na ile ya Kimvita ikaachwa. Sisi watu wa Kenya tulipoteza hapo zaidi ya kitabu kimoja.

Narudi kwa walimu, maana wao ndio wanaoelemewa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataka lugha za asili zifundishwe katika gredi za chini. Walimu hulalamika kwamba vitabu hakuna, na aghalabu wana haki. Lakini Walogooli wana Agano Jipya tangu mwaka wa 1925 na Biblia nzima tangu mwaka wa 1951. Humo mna tahajia iliyokwisha kuamuliwa, majina ya mimea, mifugo, ujamaa na hesabu. Sishauri mwalimu ahubiri darasani, hasa mahali penye watoto wa Kiislamu. Nashauri aitumie Biblia kama tunavyotumia kamusi, akilinganisha neno la kitabuni na lile analolisema nyanya wa mtoto nyumbani.

Mimi huwapa wanafunzi wangu sura moja katika Kiswahili na katika lugha ya mama, waorodheshe maneno ya kukopwa. Wengi hugundua, kwa fadhaa, kwamba hawawezi kuisoma hiyo ya pili bila kumpigia mzazi simu.